Nani hasa anayekata mafuta?

Shangazi yangu hali pilau bila ndimu, wala si kwa ajili ya ladha. Anaikamua juu ya kipande cha nyama ya mbuzi, anakisugua kwa kidole gumba, halafu anakukazia macho mpaka na wewe ufanye vilevile. "Kamua, mwanangu. Ikate mafuta."

Aliyekulia Tanga anayajua haya tangu hajang'oa meno ya utoto. Ndimu inakata mafuta. Chai ya rangi yenye tangawizi inakata mafuta. Maji ya moto yanakata mafuta, na ole wako unywe ya baridi juu ya nyama, yatayagandisha tumboni kama kwenye sufuria iliyolala bila kuoshwa. Jirani yetu mmoja alishikilia kwamba soda nyeusi ndiyo kiboko, kwa kuwa aliwahi kuiona ikitoa kutu kwenye msumari. Sijui tumbo na msumari vilikutana wapi.

Kwenye harusi ya binamu yangu huko Pongwe nilikamua ndimu mbili nzima. Saa saba usiku nilikuwa nimeketi kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, magoti kifuani, nikiomba kukuche.

Maumivu yenyewe nitayaeleza kidogo, maana wako wanaosoma hapa ambao wanayajua ila hawajui jina lake. Si yale ya kusokota na kuachia kama tumbo la kuhara. Yalianzia chini ya mbavu za kulia, yakapanda, yakakaa huko huko juu bila kushuka, yakatokeza mgongoni chini ya bega. Saa tatu nzima. Nikatapika mpaka yakatoka maji machungu ya njano. Asubuhi mama mkwe akaniambia, "Umetapika nyongo. Basi umeshapona."

Sikupona. Kwa miezi minane nilitibiwa vidonda vya tumbo katika zahanati ambayo sina haja ya kuitaja. Sikupimwa chochote zaidi ya kubonyezwa tumbo. Nikapewa vidonge vya kupunguza asidi, nikaambiwa niache pilipili na maharage. Nikaacha. Pilipili ya watu haikuwa na kosa. Mimi nina duka la vitambaa na nimezoea daftari, kwa hiyo nilianza kuandika: siku za maumivu upande mmoja, chakula upande wa pili. Baada ya wiki kadhaa daftari likasema lenyewe. Supu ya mbuzi. Sambusa. Chapati. Wali wa nazi uliopikwa kwa tui zito la kwanza, lile tunaloliita kasimele. Kila siku mbaya ilikuwa na mafuta nyuma yake, saa moja au mbili kabla.

Nikaenda na daftari langu hospitali nyingine. Daktari wa huko, kijana mpole, aliniuliza maswali niliyoyaona ya ajabu: macho yamewahi kuwa ya manjano? Mkojo umewahi kuwa kama chai ya rangi? Choo kimewahi kuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi? Nikamwambia hapana. Akanipeleka altrasaundi, na kwenye kioo nikaonyeshwa kifuko cheusi chenye chembe nyeupe zilizolala chini, kila moja ikitupa kivuli chake. Mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kubwa lao milimita 14.

"Tutakupasua, mama, tuutoe mfuko wote."

Kuutoa wote! Nilichojiuliza hapo hapo si habari ya kisu. Nilijiuliza: sasa mafuta yatakatwa na nini?

*

Kabla ya kupata jibu nilifanya upuuzi, kama anavyofanya kila mtu mwenye hofu kifuani na simu mkononi. Kwenye kundi la WhatsApp la kina mama nikapewa dozi ya kusafisha nyongo. Shinda mchana bila kula, usiku unywe mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya ndimu nyingi, ulalie ubavu wa kulia, asubuhi mawe yatatoka yenyewe. Ndimu tena.

Nikanywa, na asubuhi yakatoka kweli. Vidude vya kijani, laini, vya ukubwa wa choroko hadi karanga, zaidi ya thelathini. Niliviosha (aibu tuiweke pembeni), nikavitia kwenye chupa ya jamu, nikampelekea daktari kama mtoto anayepeleka ripoti nzuri nyumbani.

Daktari aliiinua chupa kwenye mwanga. Akamwomba muuguzi kikombe cha maji ya moto, akadondosha kidude kimoja. Kikalegea, kikaenea, kikawa duara la mafuta ya kijani linaloelea juu ya maji. "Jiwe haliyeyuki hivi, mama," alisema. "Hii ni sabuni. Umeitengeneza mwenyewe tumboni."

Baadaye nilikuja kuona kwamba sikuwa wa kwanza kuaibika. Mwaka 2005 jarida la tiba la The Lancet lilieleza kisa cha mgonjwa aliyekunywa mchanganyiko kama wangu akatoa mawe ya kijani kama yangu. Maabara ilipoyapima haikukuta kolesteroli, wala rangi ya nyongo, wala kalsiamu. Zilikuwa asidi za mafuta kwa sehemu kubwa, na kwenye joto la nyuzi 40 yaliyeyuka yote. Mawe yangu halisi yalikuwa bado yamelala kwenye mfuko wao, kimya, hayana habari.

Lakini lile neno sabuni lilinikaa kichwani. Kama nilitengeneza sabuni, basi kuna kitu tumboni mwangu kiliyakamata yale mafuta ya zeituni kikayavunja. Nani?

*

Nyongo nilikuwa nimeiona tangu utotoni, kama ninyi nyote. Siku ya Iddi babu akichinja mbuzi, kazi ya kutoa ini hakumwachia kijana. Kile kifuko cha kijani kilichojibana chini ya ini alikishika shingoni kwa vidole viwili, akakikata pamoja na kipande cha ini ili kisu kisikiguse, akakitupa mbali na nyama. "Ikipasuka hii, ini lote mpe paka. Na paka naye atalikataa."

Ndiyo maana kwetu nyongo haina jina zuri. Jambo likiharibika limetumbukia nyongo. Mwenye chuki anatapika nyongo. Shangazi pekee ndiye anayeitendea haki: akimbembeleza mjukuu wake humwita "nyongo yangu mkalia ini", yaani kipenzi kisichobanduka. Ya mamba ndiyo kabisa, watu wanaapa kwamba tone lake linaua. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji, na kwa miezi mingi habari zikawa ni nyongo ya mamba, nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaja kukuta sumu ya bakteria waliostawi kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mamba alisingiziwa.

Ukiacha masimulizi, nyongo ni kitu cha upole sana. Ini huitengeneza mchana na usiku, kati ya mililita 600 na 1,000 kwa siku. Sehemu kubwa ni maji. Ndani yake mna chumvi za nyongo, ambazo ini huziunda kutokana na kolesteroli, mna lesithini (nayo ni jamii ya mafuta), mna kolesteroli yenyewe, na mna rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Rangi hiyo ikifika utumbo mpana hugeuzwa na bakteria ikawa ndiyo rangi ya kahawia ya choo. Njia ya nyongo ikiziba, choo kinapauka, rangi inarudi kwenye damu, macho yanakuwa manjano na mkojo unakolea. Yale maswali ya ajabu ya daktari yalikuwa yanauliza jambo moja tu: jiwe limetoka kwenye mfuko likaziba njia, au bado?

Na mfuko hautengenezi kitu. Ni ghala. Unabeba mililita 30 hadi 50, na unazinyonya maji mpaka nyongo inakuwa nzito, kama mchuzi uliokaushwa jikoni.

Haya nilikuwa nikimweleza mwanangu wa kidato cha pili mezani, nikihitimisha kwa kujiamini kwamba hicho basi ndicho kimeng'enya, yaani protini ya mwili ya kuvunja chakula, kinachokata mafuta. Akanikatiza bila kuinua macho kwenye sahani. "Mama, nyongo si kimeng'enya. Kila mwaka wanatutega na swali hilo."

*

Kesho yake nikaenda buchani kuomba nyongo ya mbuzi. Mwenye bucha alinipa bure, lakini kwa jinsi alivyonitazama nadhani sasa ananichukulia kuwa mganga.

Nilipanga glasi tatu mezani, kila moja maji ya uvuguvugu na kijiko cha mafuta ya alizeti. Ya kwanza sikutia kitu. Ya pili nikakamulia ndimu nzima, kwa heshima ya shangazi. Ya tatu nikatia vijiko viwili vya nyongo, ile kijani iliyoiva inayonata kidogo kwenye kijiko. Nikazikoroga zote kwa uma, nguvu sawa, nikihesabu mpaka hamsini.

Glasi ya maji: sikumaliza hata kuuweka uma chini, mafuta yalishaanza kupanda. Glasi ya ndimu: vilevile kabisa, hakuna hata tofauti ya kubishania. Mafuta yakajikusanya juu, yanang'aa, na mbegu moja ya ndimu imezama chini. Glasi ya nyongo ndiyo iliyonifanya nimwite mwanangu. Ilikuwa imegeuka ukungu. Mafuta hayaonekani, maji hayaonekani, kitu kimoja chenye rangi ya supu ya mboga za majani, na povu jembamba juu kama la sabuni. Tukaenda kusali magharibi, tukarudi, ilikuwa bado na ukungu.

Mpishi wa pwani hili analijua kwa jina jingine. Tui la nazi ni nini kama si mafuta yaliyokubali kukaa ndani ya maji kwa vitone vidogo? Ndiyo maana likiwa jikoni unalipiga upawa bila kuchoka, ulinyanyue na kulimimina, lisikatike. Likikatika, mafuta huku, maji kule, na mgeni mlangoni. Nyongo inafanya kazi ya upawa, ila yenyewe haichoki: chembe ya chumvi ya nyongo ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, kwa hiyo inajipanga juu ya kitone cha mafuta, ndani ikiwa imeyashika mafuta, nje imeyaelekea maji, na vitone viwili vikikutana haviungani tena. Sabuni ya kuoshea vyombo inafanya hivyo hivyo. Wazungu waliijua zamani. Ujerumani mpaka leo inauzwa sabuni yenye nyongo ya ng'ombe kwa ajili ya kutoa madoa kwenye nguo.

Kwa nini udogo wa kitone uwe jambo kubwa hivyo? Piga hesabu. Chukua tone moja la mafuta lenye kipenyo cha milimita 1, uligawe kuwa vitone vya kipenyo cha elfu moja ya milimita. Utapata vitone bilioni moja. Mafuta ni yale yale, hayakuongezeka hata chembe, lakini eneo la nje limekuwa mara 1,000. Na kimeng'enya kinachovunja mafuta hakiingii ndani ya tone. Kinaogelea kwenye maji, kinatafunia pembeni tu, pale maji yanapogusana na mafuta. Asiyeyagawa mafuta amekinyima pa kukaa.

Kwa hiyo nyongo haikati mafuta kwa maana ya kuyavunja. Inayatawanya tu. Trigliseridi, yaani chembe ya mafuta ya kula yenyewe, iliyoingia kwenye glasi yangu ndiyo hiyo hiyo iliyobaki ndani yake, nzima.

*

Mwenye kisu anaishi nyuma ya tumbo, amelala kimlalo, haonekani na hasikiki mpaka augue: kongosho. Watu wanamjua kwa insulini na kisukari, lakini kazi yake kubwa kwa ujazo ni hii nyingine, kumimina kama lita moja na nusu ya maji ya usagaji kila siku kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu iitwayo duodeni. Humo mna lipasi. Ndicho kimeng'enya chenyewe.

Si kwamba kabla ya hapo hakuna kilichofanyika. Tumboni ipo lipasi nyingine, ndogo, inayostahimili asidi, na kwa mtu mzima huvunja kati ya asilimia 10 na 30 ya mafuta. Kwa mtoto mchanga, ambaye kongosho lake bado halijakomaa, hiyo ndiyo tegemeo, pamoja na lipasi iliyomo ndani ya maziwa ya mama yenyewe, ambayo huamshwa na chumvi za nyongo ikifika utumboni. Maziwa yanayokuja na kisu chake! Hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasoma.

Chakula chenye mafuta kikitoka tumboni kidogo kidogo na kugusa ukuta wa duodeni, ukuta unaonja. Unaachia homoni iitwayo kolesistokinini, iliyogunduliwa na Ivy na Oldberg mwaka 1928, na homoni hiyo inasafiri na damu ikipeleka amri nne kwa mkupuo. Mfuko wa nyongo, jikamue. Kongosho, mimina. Tumbo, punguza mwendo, usitufurike. Na wewe mlaji, inatosha. Ndiyo maana sinia ya pilau inakushinda ukiwa bado unaitamani. Na ndiyo maana niliumia saa moja au mbili baada ya kula, si nikiwa natafuna: mfuko ulipokea amri ya kujikamua, ukajikamua, na jiwe likakaa mlangoni.

Sasa rudi kwa ndimu. Lipasi ya kongosho haipendi asidi; kwenye uchachu wa tumboni inaharibika. Kongosho linajua, ndiyo maana maji yake yamejaa bikaboneti, ndugu wa magadi, ya kuua uchachu unaotoka tumboni kabla kazi haijaanza. Tumbo tupu lenyewe lina asidi inayoweza kuishinda ya ndimu. Kukamulia ndimu mbili juu ya hapo ni kupeleka ndoo ya maji ya chumvi baharini. Haisaidii, na kwa uadilifu niseme pia haidhuru. Inachokata ni ule utando wa mafuta ulimini, na si haba, mbuzi aliyenona anaganda kwenye kaakaa. Maji baridi nayo hayagandishi kitu. Baada ya muda si mrefu yanakuwa na joto la mwili kama kila kitu kingine humo ndani.

Lakini pana mkwamo hapa ambao sikuutegemea. Zile chumvi za nyongo zilizojipanga vizuri juu ya kitone cha mafuta, zimekipaka kote, zinamzuia lipasi asikae! Aliyefungua njia ndiye aliyeziba mlango. Kongosho limelipatia dawa hilo: pamoja na lipasi linatoa protini ndogo iitwayo kolipasi. Hiyo haivunji chochote. Inajipenyeza kati ya chumvi za nyongo, inashika ukingo wa mafuta, kisha inamshika lipasi mkono na kumkalisha. Baada ya hapo ni kazi tu. Trigliseridi ina uti wa gliseroli uliobeba asidi tatu za mafuta. Lipasi inakata ya pembeni huku na ya pembeni kule, ya katikati inaiacha ikiwa imeng'ang'ania uti wake. Na kongosho halina ubahili: mpaka uzalishaji wake ushuke chini ya asilimia 10 ndipo mafuta yanaanza kuonekana kwenye choo.

*

Ubishi wa nani anayefanya kazi, nyongo au kongosho, si wangu na mwanangu peke yetu. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyetoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando wa utumbo. Alidhani ni mishipa ya fahamu. Akaukata mmoja, na maji meupe kama maziwa yakachuruzika. Mbwa mwenye njaa hakuwa nazo. Ilikuwa ni mafuta ya chakula, njiani.

Miaka zaidi ya 200 baadaye, kwenye miaka ya 1840, Mfaransa Claude Bernard alipata bahati ya sungura. Kwa sungura, nyongo inaingia utumboni juu, karibu na tumbo, ila mfereji wa kongosho unaingilia mbali sana, zaidi ya sentimita 30 chini. Bernard akamlisha mafuta, akampasua, akatazama ile mishipa. Sehemu yenye nyongo peke yake, hakuna weupe. Kuanzia pale kongosho linapoingia, mishipa ikawa myeupe kama maziwa. Akatangaza: mafuta ni kazi ya kongosho.

Ingeishia hapo, nyongo ingefukuzwa kazi. Lakini Mfaransa mwingine, Albert Dastre, aligeuza kibao. Alimpasua mbwa akauhamisha mlango wa nyongo, ili kongosho liingie juu na nyongo iingie chini. Akamlisha mafuta. Safari hii sehemu yenye kongosho peke yake ndiyo iliyokosa weupe. Maziwa yakaonekana kuanzia pale nyongo ilipojiunga. Nilipofika hapa nilifunga simu nikacheka peke yangu dukani, mteja akadhani ninacheka bei aliyotaja.

*

Mafuta yakishavunjwa bado hayajafika. Asidi za mafuta zenyewe nazo hazipendi maji, na ukuta wa utumbo umefunikwa na tabaka la maji tulivu. Hapo nyongo inarudi kwa kazi ya pili: chumvi zake zinayazunguka mabaki na kuunda vifurushi vidogo mno, miseli, vinavyopita kwenye maji mpaka ukingoni mwa seli. Ndani ya vifurushi hivyo hivyo wanadandia vitamini A, D, E na K. Karoti na mchicha vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini bila mafuta kidogo sehemu kubwa inapita tu. Kijiko cha mafuta kwenye mchicha si anasa. Walioko Kigoma na Kongo wenye mawese mekundu wana vyote viwili kwenye chupa moja.

Ndani ya seli kuna jambo linalochekesha. Kazi yote ile ya kuvunja, na seli inaunga upya! Trigliseridi inaundwa tena, inafungwa kwenye koti la protini, inaitwa kilomikroni. Ni kubwa mno kuingia kwenye mishipa myembamba ya damu, kwa hiyo inapitia limfu, ile mishipa myeupe ya Aselli, inapanda kifuani, inamwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo upande wa kushoto. Pilau ya Pongwe inaingia kwenye damu kupitia shingoni. Saa chache baada ya sinia, maji ya damu yako yakitenganishwa maabara yana weupe, na ndiyo sababu mara nyingi unaambiwa uje hujala kitu ukienda kupima mafuta.

Chumvi za nyongo zenyewe haziingii na mzigo. Zinabaki utumboni, zinateremka mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, na huko kama asilimia 95 zinanyonywa na kurudishwa kwenye ini. Ni kama kreti la soda: unachukua soda, chupa tupu zinarudi kiwandani. Mwili mzima una gramu 2 hadi 4 tu za chumvi hizi, na unazizungusha mara 6 hadi 10 kwa siku. Zinazopotea kwenye choo, karibu nusu gramu, ini linazifidia kwa kolesteroli mpya.

Na kolesteroli ndiyo iliyonitia matatani. Haiyeyuki kwenye maji. Ndani ya nyongo inabebwa na chumvi na lesithini. Ikizidi wabebaji, au mfuko ukiwa mvivu wa kujikamua, inatulia chini na kuganda kuwa fuwele, fuwele zinakuwa mawe. Wanawake tunaongoza, mimba na homoni zinachangia, unene unachangia, na ajabu ni kwamba kukonda kwa kasi kunachangia pia. Wenye selimundu wana mawe ya namna nyingine, meusi, ya rangi ya damu inayovunjika kupita kiasi. Hao hupata hata wakiwa watoto. Mimi nina watoto wanne. Daktari alisema hesabu imekamilika.

Swali langu la mwanzo alilijibu kwa swali. "Mama, punda ana mfuko wa nyongo?" Nilisema atakuwa nao. "Hana. Farasi hana, tembo hana, njiwa hana. Ini lao linadondosha tu moja kwa moja utumboni." Upasuaji wa kwanza wa kuutoa mfuko kwa binadamu ulifanywa na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, na wa kwanza wa kutumia matundu madogo badala ya kupasua tumbo ulifanywa na Erich Mühe, Mjerumani pia, mwaka 1985. Mimi nilipata matundu manne. Wiki mbili za mwanzo nilikwenda chooni mbio kila nilipokula kitu chenye mafuta, kwa sababu nyongo sasa haingoji amri, inachuruzika muda wote, na ikizidi kufika utumbo mpana inaukera. Halafu mwili ukazoea. Siku hizi ninakula kidogo kidogo, na daftari limerudi kwenye hesabu za vitenge.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye hitima. Shangazi aliketi karibu yangu kwenye mkeka, akataka kuviona vile vikovu chini ya dera, akavitazama kwa huruma. "Sasa mfuko wameuchukua. Mafuta yanakatwa na nini, mwanangu?"

Nikaanza. Nikamweleza ini, nikamweleza kongosho, nikafika kwenye kolipasi na kumshika lipasi mkono. Alikuwa ananisikiliza kweli. Nilipofika kwa sungura wa Mfaransa, sinia ikatua mbele yetu, na kabla sijamalizia, nusu ndimu ilikuwa tayari kiganjani mwangu.

"Kamua," akasema.

Nikakamua.